Kupima kaboni ya mti wa kihambani kwa futi ya fundi cherehani na simu yako

Mwaka juzi baba mdogo alitaka kuangusha mruka (mti mkubwa wa asili) wa babu kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani huku kwetu Kibosho, Kilimanjaro, apate mbao za paa, akasema mambo ya mazingira msinisumbue, nitapanda migrevilea ishirini na kazi imeisha. Mimi sikubishana nae, nikaenda kwa shangazi kuazima futi ya cherehani.

Kabla hujapima elewa unapima nini. Watu wengi wanadhani mti unakula udongo ndo unanenepa, hapana, udongo unatoa maji na chumvichumvi kidogo tu. Majani yana vitundu ambavyo kwa macho huvioni, hewa ukaa inaingia humo, inakutana na maji yaliyopandishwa na mizizi, jua likiwaka inatengenezwa sukari na oksijeni inatoka nje, halafu hiyo sukari ndo inakuwa shina, matawi, mizizi, kila kitu. Mti nao unapumua usiku na mchana kwahiyo kiasi kinarudi hewani, kinachobaki ndo unene. Gogo likikauka vizuri, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyokuwa inaelea hewani.

Haya. Simama upande wa juu wa mteremko (huku kwetu kila kitu ni mteremko), pima kutoka chini mita 1.3, ni kama usawa wa kifua, hapo ndo unazungushia futi. Usiibane sana, usiiache inaning'inia, ondoa moss (ule ukijani laini unaoota kwenye gome) na mimea inayotambaa kwanza. Mti ukiwa umegawanyika chini ya hapo kila shina lipime kivyake. Futi ya fundi inaishia sentimita 150, kwahiyo kwa mti mkubwa zungusha kamba ya katani, weka alama kwa kidole, ukaipime kamba chini. Mgomba achana nao, ule sio mti, umejaa maji.

Ulichopata gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mgrevilea wetu wa mpakani ulikuwa na mzunguko wa sentimita 110, ikatoka 35. Sasa laza simu, kikokotoo kitaongeza vitufe, tafuta kile cha x yenye y ndogo juu yake, andika 35 kwa kipeo cha 2.472 halafu zidisha kwa 0.091. Hiyo kanuni ilitokana na miti ya mashambani magharibi mwa Kenya, iliyokatwa na kupimwa kweli, ndo maana naipenda kwa vihamba kuliko zile za msitu mnene. Inakuja kama kilo 600, huo ni uzito mkavu wa juu ya ardhi. Ongeza robo kwa ajili ya mizizi, 750. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kama 350. Ukitaka kujua ni hewa ukaa kiasi gani ilivutwa, zidisha tena kwa 3.67 maana kaboni ikiwa hewani imebeba oksijeni, tunafika karibu kilo 1,290. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, kwahiyo bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku huo mti mmoja unafuta miezi sita yake.

Sasa mruka. Kamba ilitoa mita 3. Kipenyo 95.5, juu ya ardhi tu tani 7 na kidogo, na ukimaliza hesabu yote ni kama tani 15 za hewa ukaa. Nikapima na kigrevilea chembamba cha mzunguko wa sentimita 30, uzito mkavu wa juu ya ardhi ukawa kilo 24 tu. Baba mdogo akachukua simu akapiga mwenyewe mara mbili. Ingehitajika karibu 300 ya vile vyembamba kufikia mruka mmoja, yeye alikuwa anasema ishirini, tena ya miche! (Kwa miti minene sana kanuni inakuwa ya kukadiria, na kwa ile mikukusu ya mabonde ya Kilimanjaro, ambayo mmoja uliripotiwa 2016 kuwa na mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika, usijaribu kabisa.)

Akaniambia, sasa mwanangu, mbao si zinakaa na hiyo kaboni juu ya paa? Hapo alikuwa na pointi kabisa. Mbao ikikaa kavu miaka 40 kaboni iko humo. Ila chensoo ikishapita, maranda, mabanzi na matawi yote yanaishia jikoni, na kuni ikiungua kila kitu kinarudi juu siku hiyohiyo. Na udongo wa chini ya mti una kaboni yake ambayo futi haiioni.

Akija mtu kukwambia miti yako ni hela za kaboni, muulize kwanza analipia kilichopo au kinachoongezeka, maana miradi mingi inahesabu nyongeza au kilichookolewa, sio mti uliosimama tangu babu.

Ndo maana kupima mara moja hakutoshi, pima kila mwaka mwezi uleule na sehemu ileile kabisa. Mimi alama nimepaka rangi ya kucha ya dada, nyekundu, masika mbili zimepita na haijatoka.