Kuutambua mti wa biichi ya milimani Nyuzilandi: anza na jani

Ukihamia Christchurch, haitachukua muda kabla wenzako hawajakualika kupanda milima ya karibu, Arthur's Pass au Craigieburn. Msitu utakaopita ndani yake huko, sehemu kubwa ni mti mmoja tu: biichi ya milimani. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, huuita tawhai rauriki, na kwa wataalamu ni Fuscospora cliffortioides.

Waliowahi kukaa Ulaya huzoea biichi ya majani mapana yanayopukutika. Hii haipukutishi majani yote kipupwe kikiingia, na jani lake ni dogo mno, sentimita 1 hadi 1.5 hivi. Okota lililoanguka, maana ndani ya hifadhi za taifa kuchuma mimea bila kibali ni kosa.

Sasa ligeuze. Ncha imechongoka, upande wa chini una vinyweleo vifupi vyeupe-kijivu, na ukingo hauna meno bali umejikunja kuelekea chini. Mimi huuamini ukingo kuliko kitu kingine chochote. Ukiona ncha butu na ukingo uliolala bapa, hiyo ni biichi nyeusi. Hizi mbili ni ndugu wa karibu na huzaana, hivyo zinapokutana utaokota majani ambayo si ya huku wala ya kule. Hapo usilazimishe jina. Jani lenye meno ni la mti mwingine kabisa: biichi nyekundu ikiwa ni kubwa na meno yamechongoka, biichi ya fedha ikiwa ni dogo la mviringo.

Shina jeusi lisikupoteze. Weusi ule ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu magamba wanaofyonza utomvu ndani ya gome, nao hukaa kwenye biichi za aina kadhaa. Usiegemee shina hilo bila kutazama: nyigu huyapenda sana majimaji hayo, hasa kuanzia Februari hadi Aprili. Mwenye mzio asiache dawa nyumbani.

Kimo nacho hupotosha. Kilimanjaro msitu hupanda hadi karibu meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, lakini Craigieburn miti hukoma kati ya meta 1,300 na 1,400. Kwenye mpaka huo biichi hupinda na kudumaa hadi kimo cha mtu, ilhali bondeni hupita meta 15. Wengi hudhani ni miti miwili tofauti. Linganisha ukingo wa majani yake.