Uanagenzi wa kuhami mabomba Marekani: unajifunza huku unalipwa

Ukipata nafasi ya kuingia chumba cha mitambo cha hospitali kubwa, pale Minneapolis au Columbus, tazama juu. Mabomba ya mvuke na ya maji baridi yamevikwa, mengine sufi ya kioo (fiberglass), mengine bati la alumini juu yake. Bila vazi hilo mvuke hupoteza joto njiani, na bomba la baridi hutoa jasho mpaka dari linaoza. Wanaoyavika ni mafundi wa kuhami joto na baridi. Ufundi huu hauanzi kwa karo. Unaajiriwa kama mwanagenzi, na mshahara unaanza nawe.

Naandika kwa sababu wengi wetu tuliohamia Marekani tunaishia maghalani na kwenye kulea wazee, maana ndizo kazi tulizoonyeshwa na waliotutangulia. Hii hatukuonyeshwa.

Mafunzo huchukua miaka 4 au 5. Siku nyingi uko saiti na fundi, nyingine uko darasani. Mshahara mara nyingi huanzia karibu nusu ya ule wa fundi kamili, kisha hupanda kwa hatua. Matawi ya chama cha wafanyakazi cha Heat and Frost Insulators, kilichopo tangu 1903, huendesha mafunzo haya pamoja na wakandarasi. Programu zilizosajiliwa utazipata kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi, apprenticeship.gov. Mtu akikudai maelfu ya dola ili "akuingize", mkimbie.

Kwa kawaida watataka uwe na miaka 18, leseni ya udereva, haki ya kufanya kazi na cheti cha sekondari, na utapimwa dawa za kulevya. Jimbo kuruhusu bangi hakumaanishi saiti inairuhusu. Usidhani cheti chako cha kidato cha nne kitapokelewa hivi hivi: kipeleke kwanza kwa wanaotathmini vyeti vya nje. Kikikataliwa, kuna mtihani wa GED, unaosimama badala ya cheti cha sekondari, wenye masomo manne. Mwenye viza ya mwanafunzi asiguse kazi hii bila kibali, kwa sababu uanagenzi ni ajira. Mwenye grini kadi au hadhi ya ukimbizi anaruhusiwa kuomba.

Kinachowakwaza watu wetu zaidi ni inchi. Sisi tumekua na sentimita, na hapa tepu imegawanywa nusu, robo, sehemu ya 8 na ya 16. Zizoee kabla ya usaili. Bomba la chuma linaloitwa la inchi 6 lina kipenyo cha nje cha inchi 6 na 5/8. Livike kihami chenye unene wa inchi 2, ambao unauhesabu pande zote mbili, na kipenyo kinakuwa 10 na 5/8. Zidisha kwa 3.14 na kitu: bati la kulizungushia ni inchi 33 na 3/8 hivi, kabla hujaongeza sehemu ya kupandana. Ukikosea, bati zima ni taka.

Na mapafu yako, tafadhali. Majengo mengi ya zamani bado yana asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kuhami, ambayo yanaweza kuleta saratani miongo kadhaa baada ya mtu kuyavuta. Kuiondoa kunahitaji mafunzo na kibali vya pekee. Ukikuta kihami kikuukuu kinachomeguka unga, usikiguse, mwite msimamizi, hata kama wenzako wana haraka. Kwa sufi ya kioo vaa mikono mirefu, glovu, miwani na barakoa, na nguo za kazi zifue peke yake, mbali na za watoto.