Kulirudisha Kundi la Wasomaji Kwenye Kitabu

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, kundi sogozi letu la wapenzi wa riwaya na tamthiliya, lenye wanachama wa Mtwara mjini, Masasi, Newala na Lindi, huwa gumu kulisimamia kuliko miezi mingine yote. Mmoja akituma picha ya bei ya mnada, wa pili huuliza kuhusu makato, wa tatu hutaja chama chake cha siasa, na ifikapo saa nne usiku kitabu tulichokubaliana kukisoma hakikumbukwi na mtu. Mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya wanaosimamia makundi ya namna hiyo, ambao wamechoka kutangaza kila wiki kwamba hapa si mahali pa siasa, tangazo ambalo mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi na sijaona likimnyamazisha yeyote.

Jambo la kwanza ni kuliangalia swali lako kabla ya kuwalaumu wanachama. Ukiuliza "Mnakionaje kitabu hiki?", aliyesoma kurasa kumi na ambaye hajakigusa kabisa wote watajibu, na kwa kuwa hawana cha kushika ndani ya kitabu, watashika kilicho karibu nao, ambacho kwetu huku ni korosho, gesi au uchaguzi. Tuliposoma Kusadikika ya Shaaban Robert nilifanya kosa hilohilo, kwani niliuliza kitabu kinatufundisha nini kuhusu viongozi. Haikupita nusu saa watu wakawa wanagawa jina la Majivuno, waziri anayemshtaki Karama kitabuni, huyu akimpa kiongozi wa chama kile na yule akimrudishia wa chama hiki, hadi wanachama wawili wakajitoa.

Jioni iliyofuata niliuliza swali jingine: Karama anaposhtakiwa barazani, kwa nini anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliomtangulia, badala ya kujisemea yeye mwenyewe? Swali hilo halijibiki bila kukifungua kitabu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Masasi alieleza kwamba kila mjumbe aliporudi na heri aliyotumwa kuitafuta akaishia kuadhibiwa, na kwa hiyo Karama anawasomea washtaki wake hesabu ya makosa yao bila kuwatukana hata kidogo. Binti anayesomea uuguzi alimpinga kwa adabu, akisema kwamba wajumbe ni sita na mtindo wa adhabu unajirudia mno, kwamba yeye alichoka kufikia wa nne, na kwamba huenda mwandishi alitaka tuchoke hivyo. Watu walibishana juu ya uchovu huo kwa siku tatu, na sijawahi kuona ubishi mzuri kama ule.

Tarehe nazo husaidia sana. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika, na mwandishi wake alifariki mwaka 1962, ilhali mfumo wa vyama vingi tunaougombania leo ulirudishwa mwaka 1992. Msomaji akikumbushwa hayo hanyimwi haki ya kulinganisha, bali analazimika kukiri kwamba ulinganisho ni wake, si wa Shaaban Robert, na hapo sauti yake hushuka.

Baada ya swali, wekeni taratibu ya kunukuu. Sisi tulianza kwa kutaja namba za kurasa, tukakwama, maana nakala zetu ni za matoleo tofauti na kurasa hazilingani, kwa hiyo sasa kila mchangiaji hutaja sura na maneno matatu au manne ya mwanzo wa aya anayoizungumzia. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, kwa sababu wapo wanaonunua bando dogo la siku, na kwa sababu hotuba huzaliwa katika dakika ya tatu. Wasio na nakala wapewe zamu ya kuazima, na muda wa kusoma uhesabiwe kwa kufuata nakala zilizopo. Asiyekisoma kitabu hana la kusema juu yake, naye ndiye atakayeleta habari za mnada.

Sikushauri upige siasa marufuku, na katika hili ninatofautiana na wasimamizi wengi. Tutasomaje Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya mwaka 1969 inayohusu Vita vya Majimaji na mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, huku tukikataza neno utawala? Vita hivyo vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambavyo vimo katika mkoa huu wa Lindi, na baadhi ya wanachama wetu walizisikia habari zake kwa bibi zao kabla ya kuzisoma darasani. Kipimo ninachotumia ni kimoja tu: kiondoe kitabu katika hoja, kisha uangalie kama hoja imepungua. Ikibaki nzima kana kwamba kitabu hakikuwapo, basi haikukihitaji, na mahali pake ni kwenye kundi la pili tulilolifungua na kuliita Barazani, ambako bei, kura na mpira vyote vinaruhusiwa. Barazani lazima pawe na uhai wa kweli, wewe msimamizi ukichangia huko pia, la sivyo watu wataona kwamba wamepelekwa jalalani.

Anayevuka mpaka asikemewe mbele ya watu, hasa akiwa mtu mzima. Mwandikie faraghani, na maneno yawe ya mtoto kwa mzazi wake. Mimi niliwahi kumwandikia hivi mzee mmoja wa Newala: "Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya makato nimeisoma na ina uzito, nimeomba iendelee kule Barazani ili wakulima wenzako waijibu. Huku kwenye kitabu bado tunakusubiri utuambie habari ya yule mganga." Alijibu "Marahaba, mwanangu", akahama na hoja yake bila kinyongo. Mpangilio wa kulifunga kundi, ili wasimamizi pekee waweze kuandika, utumie tu pale matusi yanapoanza, na useme saa utakayolifungua.

Mzee huyohuyo ndiye tuliyemkabidhi kazi ya kuandaa swali la wiki iliyofuata, na ningependa kila msimamizi ajaribu jambo hili kwa mbishi wake mkubwa. Alichukua siku nne. Swali lake lilihusu mwisho wa tamthiliya: Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, watu wamekufa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo; kwa nini anakataa? Siku hiyo matokeo ya mnada wa Tandahimba yalikuwa yametoka tangu asubuhi. Picha ya matokeo hayo ilitumwa kundini saa mbili usiku, na aliyeandika "Peleka Barazani, tafadhali, huku tunasoma" alikuwa ni yeye.