Somo: Kukadiria umeme uliomo katika mito ya dunia

Tarakimu za uwezo wa mito ya dunia hupishana sana, kwa sababu kila mtaalamu ameishia hatua yake ya hesabu. Tuzipitie hatua zenyewe.

Hatua ya 1. Kanuni ni hii: kilowati = 9.81 × mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) × anguko la maji (mita).

Hatua ya 2. Kata mto vipande. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakawia kidogo. Mtiririko huongezeka kila tawimto linapoingia, huku mteremko ukipungua. Amazon humwaga baharini takriban mita za ujazo 200,000 kwa sekunde, lakini kutoka mji wa Manaus, Brazil, hadi baharini, zaidi ya kilomita 1,000, mto haushuki hata mita 100. Ukizidisha maji ya mdomoni kwa kimo cha milima ya Andes, utapata umeme usiokuwepo popote. Miinuko ichukue kwenye ramani ya kidijitali. Ile iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000 hupatikana bure, ila inaishia nyuzi 60 kaskazini. Kaskazini ya Siberia itafutie nyingine.

Hatua ya 3. Tafuta mtiririko wa kila kipande, wastani wa miaka mingi. Pasipo na kituo cha kupimia, chukua mvua ya bonde, toa maji yanayorudi hewani, zidisha kwa eneo.

Mfano: kipande chenye mtiririko wa 50 na anguko la mita 12 kina kilowati 5,886. Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka: gigawati-saa 51.6 hivi (gigawati-saa moja ni kilowati-saa milioni moja).

Hatua ya 4. Jumlisha vipande vyote, kisha punguza. Jumla ya kinadharia inayotajwa sana ni kama terawati-saa 40,000 kwa mwaka (terawati-saa moja ni gigawati-saa 1,000). Ukitoa upotevu wa mitambo, mafuriko yasiyoshikika na sehemu zisizojengeka, hubaki kama 15,000. Umeme wa maji unaozalishwa duniani kwa sasa ni zaidi kidogo ya 4,000.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, maji yaleyale yakipita mabwawa mawili, si tunayahesabu mara mbili?
Jibu: Hapana, ndugu. Kila bwawa hutumia anguko lake. Angalia tu ziwa la bwawa la chini lisifunike vipande ulivyokwisha kuvihesabu juu.

Swali: Naweza kuzidisha megawati za bwawa kwa saa za mwaka?
Jibu: Usifanye hivyo. Bwawa la Three Gorges, Mto Yangtze, China, lina megawati 22,500 na la Itaipu, Mto Paraná, mpakani mwa Brazil na Paraguay, 14,000, ila mwaka 2016 Itaipu ilizalisha terawati-saa 103 hivi, na Three Gorges mwaka 2020 ilifikia 112 tu. Maji ya Yangtze hupanda na kushuka sana kwa misimu. Ya Paraná yametulia zaidi.

Swali: Kwa nini Mto Kongo hautoki midomoni mwa wataalamu?
Jibu: Hesabu mwenyewe, dada. Pale kwenye maporomoko ya Inga hupita takriban mita za ujazo 40,000 kwa sekunde, na mto hushuka mita 96 hivi kwa umbali mfupi. Ni karibu gigawati 38 kabla ya kupunguza chochote. Tena bonde lake liko pande zote mbili za ikweta: masika ya upande mmoja yakiisha, ya upande wa pili huanza, na mto haukauki.