Fosforasi: kumpikia mgonjwa wa figo ili mifupa na mishipa visiharibike

Mama mkwe wangu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mpishi wake ni mimi. Kilichonitia hofu ni eksirei ya mkono wake. Kando ya mifupa kulikuwa na mistari miwili myeupe, sambamba, ikishuka hadi kiganjani: kuta za mshipa wa damu zilizoshika chokaa. Mifupa yenyewe ilikuwa imefifia.

Figo zikidhoofika, fosforasi, madini yaliyomo kwenye chakula, hujaa kwenye damu na vitamini D haifanyi kazi sawasawa, hivyo kalsiamu hushuka. Tezi nne ndogo za shingoni, parathiroidi, humwaga homoni inayochota kalsiamu mifupani. Kalsiamu na fosforasi hukutana kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ambako hata chembe za misuli ya ukuta huanza kufanya kazi kama za mfupa. Ateri hukakamaa, moyo huelemewa.

Mashine haiwezi kutoa fosforasi yote ya wiki, kwa hiyo jikoni ndiko kwenye kazi. Vidonge vya kukamata fosforasi, kama kalsiamu kabonati au sevelama, mpe mgonjwa akiwa anakula. Akivinywa tumbo tupu, havina cha kukamata. Mimi huviweka kwenye kisosi kando ya sahani, naye humeza baada ya matonge mawili matatu.

Nyama ikate vipande vidogo, ichemshe kama dakika kumi, mwaga maji yale, kisha uiunge upya. Supu yake usimpe, hata akikuomba vipi (na ataomba). Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi. Afadhali mnofu wa samaki mkubwa. Maharage yasikutishe sana kwa upande huu, kwani fosforasi ya mimea mwili huipokea kidogo. Potasiamu yake ndiyo ya kumuuliza mtaalamu wa lishe. Adui mkubwa ni fosforasi inayoongezwa kiwandani, ambayo karibu yote huingia mwilini: soda nyeusi za kola, soseji, jibini za kupaka. Kwenye pakiti tafuta alama za viungio hivyo vya fosforasi ili uviepuke: E338 hadi E341, na E450 hadi E452.

Usimnunulie kalsiamu ya ziada dukani kwa kudhani unampa mifupa nguvu. Ikizidi, huenda kwenye mishipa ileile. Siku ya kliniki omba majibu ya fosforasi, kalsiamu na homoni ya parathiroidi kwa pamoja, uyaandike kwenye daftari moja, ili daktari aone yanakoelekea kabla ya kubadilisha dozi.