Jinsi ya kuonja vyakula vya Bali bila kumaliza nauli

Chakula cha bei nafuu Bali, kisiwa cha Indonesia, kinakwenda na saa. Warung, yaani mgahawa mdogo wa familia, hupika alfajiri, na sufuria zikiisha mama anafunga. Ukichelewa hadi saa tisa alasiri utaishia kwenye mikahawa ya watalii, ambako kodi na gharama ya huduma huongezwa juu ya bei uliyoiona. Mimi hutenga rupia 100,000 kwa siku, takriban dola 6 za Marekani, na ninashiba.

Hatua ya 1: Vunja noti kubwa mapema. Saa moja asubuhi hakuna muuzaji mwenye chenji ya laki.

Hatua ya 2: Anzia sokoni, kabla jua halijapanda. Pasar Badung, jijini Denpasar, ni mahali pazuri. Uliza laklak. Ukiwa umezoea vitumbua utaitambua kwa mbali: uji wa unga wa mchele unamiminwa kwenye kikaango cha udongo chenye vishimo, juu ya moto. Tofauti ni kwamba haielei kwenye mafuta. Inafunikwa ikaive kwa mvuke, chini ikishika rangi kidogo. Nyingine ni za kijani kwa majani ya kusaga. Juu yake wananyunyiza nazi ya kukuna, kisha wanamwaga sukari ya mnazi iliyoyeyushwa, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo. Ile ikiwa bado moto, simama hapo hapo ule. Ikipoa inakuwa ngumu.

Hatua ya 3: Mchana, nasi campur. Ni wali na kidogo cha kila kitu: mboga, yai, kuku, samaki. Hakuna chakula kinachokuonjesha Bali haraka kama hicho. Onyesha unachotaka kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kunyoosha kidole cha shahada si adabu. Bei inategemea nyama uliyochagua, kwa hiyo uliza "Berapa?" kabla sahani haijajaa. Omba sate lilit, samaki aliyesagwa na nazi na viungo, akafinyangwa kwenye kijiti au shina la mchaichai na kuchomwa kwa mkaa. Pembeni weka sambal matah: vitunguu vidogo, pilipili na mchaichai vilivyokatwakatwa vibichi, vikachanganywa na mafuta ya nazi. Ni ndugu wa kachumbari, ila inawaka. Usipoiweza sema "tidak pedas", yaani isiwe kali.

Hatua ya 4: Jua unachokula. Wabali wengi ni Wahindu, na nguruwe, babi, yumo kwenye vyakula vingi, mara nyingine mafuta yake tu. Lawar, mboga zilizokatwa na nazi na nyama, huweza kutiwa damu mbichi. Kama wewe ni Mwislamu, usitegemee macho: tafuta kibao cha "halal" au "Warung Muslim", vipo vingi. Hapo ulizia ayam betutu, kuku aliyepakwa base genep, masala ya Kibali yenye manjano, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili, akapikwa taratibu hadi nyama inaachia mfupa. Yule wa Gilimanuk, mji wa bandari magharibi mwa Bali, ana pilipili kali hasa. Kuku mzima si wa mtu mmoja, nendeni wawili.

Hatua ya 5: Maji ya bomba usinywe kabisa. Kiu ikikubana, es daluman, majani yaliyogandishwa kama jeli ndani ya tui la nazi na sukari ya mnazi, inapoza koo vizuri.

Hatua ya 6: Usiku, nasi jinggo. Ni ngumi ya wali iliyofungwa kwa jani la mgomba, na ndani kipande cha kuku, tambi na sambal. Mara nyingi haizidi rupia 10,000. Muuzaji hukaa kando ya barabara, vifurushi vimepangwa mezani. Chukua viwili, kimoja hakimtoshi mtu mzima. Fungua jani polepole, harufu yake itakuwa imeshaingia kwenye wali, na ule kwa mkono wa kulia.