Jongoo wa chini ya mivinje: kupiga picha kwa lenzi ya makro

Ukitoka kwenye chumba chenye AC, usifungue begi la kamera papo hapo. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani, lenzi huingia ukungu. Liache limefungwa kama nusu saa.

Ukifika Haller Park, hifadhi iliyoko Bamburi, Mombasa, pekua majani makavu ya mivinje penye unyevu. Jongoo waliletwa pale makusudi, wayasage yawe udongo. Lenzi ikiwa kwenye 1:1 (umbo huingia kwenye kamera kwa ukubwa wake halisi), anza na f/11 (upana wa tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu hubana), shata 1/200 ya sekunde, ISO 200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), na flashi. Hata hapo kinachotoka wazi hakizidi milimita moja hivi, basi zima fokasi ya otomatiki, lenga jicho, usogeze mwili mbele na nyuma taratibu huku ukipiga. Kubana tundu hadi f/22 ni kujidanganya: mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha nzima hupoteza ukali.

Kazi hasa ni mgongo wa jongoo, unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Flashi tupu huuachia doa jeupe. Kata plastiki nyeupe ya galoni, iweke mbele ya flashi, karibu naye kadiri uwezavyo bila kumgusa. Mkononi usimshike: majimaji yake huwasha na kutia madoa.